Namanga 2019 tulifanya mazoezi ya mlipuko, 2020 malori yakalala barabarani. Ushirikiano wa kimataifa unakwama wapi?

Mzee wa Geti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeukalia muda mrefu. Nilikuwa afisa afya mpakani, nimestaafu, sasa niko kwetu Kagera na kahawa yangu. Vituo nilivyopita sitavitaja kwa sababu vijana niliowaacha bado wanakula mshahara huko.

Kila nikisikia redioni maneno "ushirikiano wa kimataifa katika kukabiliana na milipuko ya magonjwa", najua wasikilizaji wengi wanaona ukumbi wa Geneva, bendera na watu wenye vipokea sauti masikioni. Mimi naona meza ya mbao, daftari la kuandikisha wasafiri, kipimajoto kilichoishiwa betri, na kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani chenye namba ya simu ya mwenzangu wa upande wa pili wa geti. Hiyo karatasi ndiyo nataka tuizungumze.

Nianze na Namanga. Kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikisaidiwa na WHO na Wajerumani, ilifanya zoezi kubwa pale mpakani. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuigiza: homa ya Bonde la Ufa imeingia kwa mifugo na kwa watu pande zote mbili, haya, tuonyesheni mtafanya nini. Homa hiyo si ya hadithini, kwani 2006 na 2007 iliua watu na mifugo Kenya, Somalia na kwetu. Basi wakakusanywa madaktari wa watu na wa mifugo, uhamiaji, forodha, polisi, Watanzania na Wakenya pamoja. Mimi sikualikwa, lakini waliokwenda walirudi wakiwa na moto. Walijua sasa ampigie nani, sampuli ipite wapi, nani atangaze nini.

Sasa angalieni tarehe. Siku hiyohiyo ya 11 Juni 2019, wakati Namanga wanaanza kuigiza, Uganda ilitangaza Ebola ya kweli. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameingia na familia yake kutoka Kongo, akapelekwa hospitali ya Kagando wilayani Kasese. Mlipuko wa Kivu na Ituri ulikuwa na miezi kumi tayari. Mtoto alifariki, bibi yake naye akafariki, na ugonjwa ukaishia palepale kwenye familia, haukuenda mtaani.

Unajua kwa nini? Uganda ilikuwa imeshachanja wahudumu wa afya karibu 4,700 kabla mgonjwa hata mmoja hajavuka. Wakongo wa upande wa Kasindi walijua kuna familia iliyotangamana na marehemu mwenye Ebola, na walipogundua baadhi yao wameondoka waliwapa taarifa wenzao wa Uganda. Kisha nchi mbili zikaelewana familia irudishwe Kongo itibiwe huko kwa lugha yake. Hakuna aliyesimama kwenye kipaza sauti kumlaumu jirani. Katika kazi yangu yote sijaona mfano mzuri kuliko huo.

Turudi Namanga. Miezi kumi na moja baada ya lile zoezi, pale pale, watu wale wale. Mei 2020 Kenya inafunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kila dereva apimwe korona. Kenya inasema madereva kadhaa wa Kitanzania wana virusi na wanarudishwa. Upande wetu wanawapima upya, wanasema hawana kitu. Wakuu wa mikoa yetu wanazuia malori ya Kenya. Foleni inalala barabarani, nyanya zinaoza. Mwisho mawaziri wa uchukuzi wa nchi mbili wanakutana Namanga na kukubaliana dereva apimwe kwao kabla ya safari, cheti kidumu siku 14.

Wa uchukuzi, si wa afya. Mnaona hapo?

Zoezi lilifundisha kila kitu kuhusu ugonjwa. Halikufundisha kuhusu aibu. Hakuna meza pale Namanga iliyoandikwa "hapa anakaa mwanasiasa ambaye hataki nchi yake ionekane chafu".

Sheria ipo. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi 196, zinataka nchi ikishapima tukio na kuona linaweza kuwa la hatari kwa wengine iiarifu WHO ndani ya saa 24. Saa 24! Nimeona barua ya kuomba betri za kipimajoto ikikaa wiki sita. Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba anayetii sheria hiyo hupigwa fimbo. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waligundua kirusi kipya cha korona, kile kilichoitwa Omicron, wakakitangaza upesi. Siku moja baadaye Uingereza ikawazuia kuruka, na wengine wakafuata. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia mtangaza maradhi anafungiwa geti.

Swali langu kwenu: nchi ifanyeje? Na msiniletee majibu ya warsha.

Ngoja Waje

Naweka kigoda hapa mbele. Wenye kahawa mlete.

Tandiboi Mstaafu

Mzee wa Geti shikamoo. Mimi nilianza utingo 2006, dereva tangu 2011. Njia zangu Dar–Kigali kupitia Rusumo, na mwaka ule wa korona nilikuwa nafanya Mombasa–Kampala na kampuni nyingine.

Wewe umeongelea foleni kama mtu aliyeiona kwenye dirisha la ofisi. Acha nikuambie ya ndani ya kabini. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ilikuwa ya makumi ya kilomita. Unapikia chini ya trela, unaogea kwenye ndoo, choo ni shamba la mtu. Sampuli inachukuliwa leo, majibu siku ya nne, wakati mwingine majibu yanapotea unachukuliwa tena. Na wakati wote huo uko kwenye foleni na wenzako mia, mnashirikiana sufuria. Kama sikuwa na korona nilipofika, nafasi ya kuipata niliandaliwa vizuri sana.

Kilichoniuma zaidi ni watu wa vijiji vya barabarani. Walishaambiwa redioni madereva ndio wanaoleta ugonjwa, basi mama niliyekuwa nakula kwake miaka saba alinipa chakula kwa kunisukumia kwenye kiti. Tulikuwa sisi ndio ugonjwa wenyewe.

Wakati sisi tunapimwa getini, bodaboda wanapita njia ya panya mita mia tatu kutoka pale, abiria wawili wawili, kutwa nzima. Afisa anawaona. Ukimuuliza anakuambia yeye amepangiwa geti.

Halafu Januari 2022 tukagoma kabisa Malaba. Mtu una cheti cha kwenu, Uganda wanataka wakupime tena na ulipe. Malori yalisimama hadi malipo yakaondolewa. Hivyo vyeti vya kutambuana mlivyoahidiana mlikuwa mnatambuana wapi?

Mzee wa Geti

Marahaba mkuu. Ya bodaboda ni kweli tupu, sina utetezi. Mpaka wa Kagera peke yake una Uganda, Rwanda na Burundi, na mageti rasmi ni ya kuhesabu kwa vidole. Shamba la mtu liko nchi moja, kisima kiko nchi nyingine.

Kuhusu vyeti, Jumuiya ilikuja na mfumo wa simu wa kufuatilia mizigo na madereva, majibu ya kipimo yaonekane kwa nchi zote. Ulisaidia palipokuwa na mtandao na palipokuwa na nia. Mtandao ulikuwa rahisi kuupata kuliko nia.

Mtoto wa Taveta

Mzee wa Geti, hapo kwa 2020 umetuonea Wakenya kiasi. Sisi tulipima kwa sababu jirani alikuwa amenyamaza. Tanzania mlisimamisha takwimu kwenye wagonjwa 509 mapema Mei 2020 na mkakaa hivyo hadi 2021. Sasa mwenye duka hapa Taveta ambaye wateja wake wanatoka Holili angefanya nini, akisie? Ukimnyima jirani habari, atafunga mlango. Si chuki, ni woga.

Niseme na zuri. Julai 2024 mpox (homa ya nyani) ya kwanza ya Kenya ilipatikana hapa kwetu mpakani Taveta, kwa msafiri aliyekuwa anatoka Uganda akielekea Rwanda. Tazama hiyo safari: Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda. Wizara ilitangaza tarehe 31 Julai. Hakuna geti lililofungwa, hakuna mkuu wa mkoa aliyetisha mtu. Biashara iliendelea, sabuni na maji yakaongezwa getini, madereva wakaelezwa dalili. Kwa hivyo kuna kitu tulijifunza baada ya 2020, hata kama hakuna mtu anataka kukiri.

Mzee wa Geti

Pole kaka, na la 509 nalikubali bila kupepesa. Nilikuwa bado kazini. Kuna siku mwenzangu wa upande wa pili alinipigia, akaniuliza, "Mzee, kwenu hali ikoje kweli?" Nilikaa kimya. Naye akakaa kimya. Kisha akasema, "Basi nimeelewa," akakata. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa bado ipo na namba ilikuwa inapatikana.

Na haikuwa mara ya kwanza. Septemba 2019 WHO ilitoa taarifa ya hadharani ikisema imesikia habari za ugonjwa usioeleweka Dar es Salaam na haijapewa maelezo iliyoyaomba. Serikali ikasema Ebola haipo. Labda haikuwepo kweli, lakini ukinyima karatasi za vipimo hata ukweli wako unafanana na uongo. Kinachonichoma ni kwamba Februari 2016 nchi hii ilijitokeza ya kwanza kukaguliwa kwa ule utaratibu mpya wa WHO wa wataalamu wa nje kuja kupima utayari wa nchi. Wa kwanza duniani kufungua mlango, kisha miaka mitatu baadaye tunaulizwa dirishani.

Mbishi Asili

Nyie wazee mnaongea kama watoto. WHO ni ya nani? Nani anailipa? Mei 2025 wamepitisha mkataba wao wa magonjwa ya dunia, sasa watatuamrisha tufungiwe ndani na tuchanjwe kwa lazima. Wanaleta ugonjwa, wanaleta dawa, mnapiga makofi.

Mzee wa Geti

Mbishi, karibu, nilijua utakuja.

Mkataba ulipitishwa 20 Mei 2025 Geneva baada ya majadiliano ya zaidi ya miaka mitatu. Jana yake kwenye kamati nchi 124 ziliunga mkono, 11 hazikuonyesha upande, hakuna aliyekataa. Na ndani yake kumeandikwa waziwazi kwamba hakuna kinachoipa sekretarieti ya WHO mamlaka ya kuamuru nchi ifungie watu, izuie wasafiri au ichanje kwa lazima. Hadi uanze kufanya kazi zinahitajika nchi 60 kuuridhia. Kwa hiyo hofu yako ni ya kinyume: mimi nasikitika kwamba hautamlazimisha mtu yeyote kufanya chochote. Anayefunga geti kwa hasira kesho, mkataba utamtazama tu.

Swali la nani anailipa WHO ni zuri lakini, nitalirudia chini.

Pipeti

Niko maabara, nisiulizwe wapi. Mzee wa Geti ameongea ya geti, ngoja niongeze ya sampuli, maana huko ndiko ugomvi mkubwa uliko kwa sasa na wengi hawaujui.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kulikuwa na wakati ukishuku Ebola au ndugu yake Marburg unafunga sampuli kwenye mkebe wa tabaka tatu, unaiombea ndege, na majibu yanatoka nchi nyingine ya mbali siku nyingi baadaye. Mgonjwa ameshazikwa, tena kwa kuoshwa na ndugu. Siku hizi Jumuiya ina maabara tisa zinazohamishika, fedha za Wajerumani, mafunzo kwa kushirikiana na taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg. Zilikuja na vifaa vya kushika virusi hatari, na kilichonifurahisha ni kwamba wataalamu wa nchi zote walifundishwa pamoja, kwa mtindo mmoja. Jibu la Mrundi mimi naliamini kwa sababu najua amepima kama nilivyopima.

Kagera wanajua faida yake. Marburg ya 2023, Bukoba vijijini, ilitangazwa 21 Machi: wagonjwa tisa, wakiwemo wahudumu wa afya, sita wakafariki, ikaisha 2 Juni. Ile ya 2025 ya Biharamulo ilithibitishwa kwenye maabara ya Kabaile hukohuko Kagera, kisha Dar es Salaam ikahakikisha. Saa, si wiki.

Sasa ugomvi. Kirusi kikitoka Kagera au Kamituga huko Kongo, ramani ya vinasaba vyake inatumwa duniani kwa dakika chache. Kampuni inachukua ramani, inatengeneza chanjo, inauza. Aliyetoa sampuli anapanga foleni nyuma. Indonesia walikasirika mapema kuliko wote. Mwaka 2007, waziri wao wa afya Siti Fadilah Supari alikataa kuendelea kutoa sampuli za mafua ya ndege kwa utaratibu wa zamani, kwa hoja kwamba chanjo zinazotokana nazo watu wake hawawezi kuzinunua. Dunia ikamwita mkorofi. Lakini ukorofi wake ndio uliozaa utaratibu wa 2011 wa kugawana virusi vya mafua na faida zake. Mafua tu, magonjwa mengine yakabaki vilevile.

Mkataba wa 2025 unajaribu kupanua hilo. Watengenezaji watakaoingia kwenye mpango watenge asilimia 20 ya wanachozalisha wakati wa janga kwa ajili ya WHO kugawa, angalau nusu yake bure. Mambo mazito, nani anatoa nini, lini, kwa mikataba gani, yaliachwa kwenye kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Ndiyo desturi: harusi imefungwa, mahari tutaongea.

Na kwa Mbishi: Rwanda ilitangaza Marburg 27 Septemba 2024. Chanjo ya majaribio, dozi 700 za kwanza kutoka taasisi ya Sabin ya Marekani, zilifika 5 Oktoba na kesho yake watu wakaanza kuchanjwa, wahudumu wa afya mbele. (Waziri wao wa afya naye anaitwa Sabin, tulicheka sana maabara.) Wagonjwa 66, waliofariki 15. Marburg kwa kawaida inachukua karibu nusu ya inaowashika. Siyo chanjo iliyofanya yote, ni wale wauguzi wa wagonjwa mahututi, lakini siku nane kutoka tangazo hadi dozi, kwa Marburg hiyo haikuwahi kutokea. Imewezekana kwa sababu walitangaza mapema na mtu alikuwa ameshaandaa dozi kwenye friji miaka kadhaa bila kujua atampa nani.

Tandiboi Mstaafu

Pipeti hiyo ya mahari umeniua.

Mwana Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Kiswahili chetu munakijua, musinicheke.

Ninyi munaongea juu ya geti. Sisi huku geti lenyewe linabadilisha mwenyewe. Hii mpox ambayo Mtoto wa Taveta anasema, ilianzia kwetu, Kamituga, mahali pa kuchimba dhahabu, mwisho wa mwaka 2023. Vijana wa mgodi na wadada wa mabaa. Waganga wa pale walipiga kelele mapema sana kwamba hii haifanane na ile tuliyozoea. Wanasayansi wakaipima, wakasema ni ukoo mupya. Karibu mwaka muzima ukapita. Tarehe 13 Agosti 2024 Africa CDC, shirika la Umoja wa Afrika la kuzuia magonjwa, ikatangaza hali ya hatari, kesho yake WHO nayo. Chanjo ya kwanza ikafika Kinshasa mwezi wa tisa, ikaanza kudungwa Goma mwezi wa kumi.

Ulaya walikuwa na chanjo hiyo kwenye stoki tangu 2022, wakati mpox iliwafikia wao. Sisi tunaugua mpox tangu 1970, mutoto wa kwanza duniani aliyejulikana alikuwa wa kwetu Kongo. Miaka zaidi ya hamusini! Kwa hiyo mukisema "nchi itangaze mapema", sisi tulitangaza. Shida haikuwa kinywa chetu, shida ilikuwa sikio lao.

Halafu vita. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari Bukavu. Kiwanja cha ndege kikafungwa. Wagonjwa wa mpox waliokuwa kwenye vituo wakakimbia na watu wote. Sampuli ya kwenda Kinshasa inapita wapi? Serikali iko Kinshasa, mwenye barabara ni mwingine, na WHO inajua kuongea na serikali. Ushirikiano wa kimataifa unasema "nchi na nchi". Virusi haijui kama hapa ni nchi ya nani kwa leo.

Lakini nisiwe mutu wa kulia tu. Muuguzi mumoja rafiki yangu alikuwa anapata habari za wagonjwa wa upande wa Rwanda na Burundi kwa WhatsApp, kutoka kwa watu aliosoma nao. Hao hawakungoja mukataba.

Mzee wa Geti

Mwana Kadutu, hakuna wa kukucheka hapa. Umenirudisha kwenye karatasi yangu ya ukutani, na umenisahihisha pia. Nilianza uzi nikidhani tatizo ni nchi zinazoficha. Nchi inayosema na hakuna anayesikia, hiyo sikuiweka.

Nilimwahidi Mbishi suala la fedha. Tarehe 20 Januari 2025, Dodoma, Rais Samia alikuwa amekaa na mkurugenzi mkuu wa WHO, Tedros, akatangaza kwamba Marburg imethibitishwa Kagera. Siku chache kabla, WHO ilikuwa imesema kuna wanaoshukiwa, na wizara yetu ikajibu kwamba vipimo havijaonyesha kitu. Watu tulishaanza kusema "haya, 2019 tena". Kumbe upimaji uliendelea, jibu likabadilika, na aliyelisema ni Rais mwenyewe, mbele ya yule aliyeuliza. Mwisho wa hesabu walikuwa watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na uhusiano wao. Wote kumi walifariki. Ukaisha 13 Machi.

Siku hiyohiyo ya 20 Januari, Washington, rais mpya wa Marekani alisaini karatasi ya kuitoa nchi yake WHO. Marekani ndiye aliyekuwa mlipaji mkubwa kuliko nchi zote. Na miezi iliyofuata ile misaada yao mingine ikakatwa. Sisemi kwa nadharia, mmoja wa vijana niliowafundisha alikuwa analipwa na mradi wa aina hiyo kufuatilia waliotangamana na wagonjwa, akapokea ujumbe mmoja wa kusimamisha kazi. Sasa anauza vipuri vya pikipiki.

Kwa hiyo Mbishi, umesema kweli nusu. Tulikubali mlinzi wetu alipwe na jirani. Jirani amechoka, au amekasirika, mlinzi kaondoka. Sioni ubeberu hapo, naona sisi tuliokuwa tunanunua magari badala ya betri.

Mbishi Asili

Hapo kwenye magari nakuunga mkono, mambo mengine bado.

Pipeti

Niongeze kidogo kwa Mwana Kadutu. Uganda 2022, Ebola ya aina ya Sudan, iliwashika watu 164 ukijumlisha waliothibitishwa na waliodhaniwa, na mmoja wa madaktari waliofariki alikuwa Mtanzania aliyekwenda huko kusoma shahada ya pili. Tulilia maabara nzima, kuna waliosoma naye. Wakati ule hapakuwa na chanjo iliyo tayari kujaribiwa kwa aina hiyo. Dozi za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wameshaisha, hakuna wa kujaribia. Aina hiyohiyo ilipotokea tena Kampala, ikatangazwa 30 Januari 2025, majaribio ya chanjo yalianza siku nne baadaye, kwa sababu dozi zilikuwa zimebaki nchini na karatasi zote za ruhusa zilishasainiwa. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili ni kabati lililokuwa na karatasi zilizosainiwa mapema. Ukiniuliza utayari ni nini nitakuonyesha hilo kabati.

Ngoja Waje

Kigoda changu kimekuwa kitanda. Endeleeni.

Tandiboi Mstaafu

Mzee wa Geti kabla hujalala, swali la kikazi. Kadi yangu ya njano ya homa ya manjano nilichanjwa 2012. Wiki iliyopita kwenye geti moja (sisemi lipi) kijana kaniambia imepita miaka kumi, imekufa, nichanjwe upya au nitoe kitu kidogo. Nilitoa. Ni kweli imekufa?

Mzee wa Geti

Haijafa. Kuanzia 11 Julai 2016 kanuni zilibadilika, cheti cha homa ya manjano kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kimeandikwa miaka kumi na hata kama kilitolewa kabla ya tarehe hiyo. Nchi zote zilizo kwenye kanuni zinapaswa kukikubali. Yaani lilipitishwa Geneva 2014, likaanza kazi 2016, na kwenye geti hilo bado halijafika.

Ukirudi hapo mwambie kijana afungue Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Afya za Kimataifa. Akisisitiza, muombe risiti. Na nitumie ujumbe pembeni jina la geti, kuna mtu nina namba yake.

Tandiboi Mstaafu

Nimekutumia. Napita tena Alhamisi.